Majengo ya kale ya Bucharest: kibandiko chekundu mlangoni, familia bado ziko juu

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mwenye nafasi ausome wote, maana unahusu uhai wa watu wengi.

Katikati ya Bucharest, mji mkuu wa Romania, kuna barabara pana inaitwa Magheru. Pande zake zimesimama maghorofa ya miaka ya 1930, marefu, yenye kona za mviringo na roshani ndefu. Yalijengwa enzi ambazo mji uliitwa Paris Ndogo na wenye fedha walishindana nani atakwenda juu zaidi. Leo ukipita pale utaona kwenye milango ya mengi yao kibandiko chekundu cha duara. Maana yake wahandisi wamelikagua jengo na kuliweka daraja la kwanza la hatari: likija tetemeko kubwa, linatarajiwa kuanguka. Majengo ya daraja hilo mjini humo ni mamia. Inua macho kidogo na utaona nguo zimeanikwa, vyungu vya maua, taa zinawaka. Watu wanaishi humo.

Watu wengi wanaozungumzia suala hili hutenganisha mambo mawili: upande mmoja uchakavu wa mji, upande mwingine tetemeko. Mimi nasema ni jambo moja. Bomba la mvua linalovuja juu ya paa kwa miaka ishirini tayari limeanza kazi ambayo tetemeko litakuja kuimaliza kwa dakika moja. Na kibandiko kilichowekwa kama onyo, kwa kuwa hakikufuatwa na matengenezo, kimegeuka chanzo kingine cha uchakavu.

Kwanza tuelewe tetemeko lenyewe. Matetemeko yanayoiumiza Bucharest hayatokei chini ya mji. Yanatoka Vrancea, pale milima ya Carpathia inapokata kona, kilomita 130 na zaidi kutoka mjini. Na yanatokea ndani sana, kwenye kina cha kilomita 60 hadi 180. Mitikisiko ya kasi hufifia njiani, inayofika mjini ni ile ya polepole, na udongo laini ulio chini ya Bucharest huikuza. Ardhi inakwenda na kurudi mara moja kwa kila sekunde moja na nusu hivi. Nyumba fupi ya matofali haipati shida kubwa na mwendo huo. Lakini jengo la ghorofa kumi au kumi na mbili nalo huyumba kwa mwendo unaokaribiana na huo, hivyo kila mtikisiko unaliongezea yumbo la ule uliotangulia. Ndiyo sababu Magheru inaogopwa kuliko vichochoro vyenye nyumba za zamani zaidi.

Historia haina utata. Mwaka 1802 tetemeko liliangusha sehemu ya juu ya mnara wa Colțea, uliokuwa fahari ya mji. Likaja la 1838. Usiku wa tarehe 10 Novemba 1940 likaja lenye ukubwa wa 7.7, na jengo la Carlton likaanguka lote. Lilikuwa la zege, miongoni mwa marefu kuliko yote mjini, na halikuwa limefikisha hata miaka kumi. Mafundisho yalikuwa wazi tangu siku ile: jengo linaweza kuwa jipya, zuri, la zege, na likawaua waliomo.

Kisha tarehe 4 Machi 1977, saa 3 na dakika 22 usiku. Kwa Romania nzima walikufa watu 1,578, na zaidi ya 1,400 kati yao walikuwa Bucharest. Majengo marefu zaidi ya thelathini yalianguka mjini, na karibu yote yalikuwa ya kabla ya 1940. Mwigizaji Toma Caragiu, aliyependwa na nchi nzima, alikufa usiku huo. Rais Nicolae Ceaușescu hakuwepo nchini, alikuwa ziarani Nigeria.

Sasa sehemu inayonikera zaidi katika habari hii yote. Baada ya mazishi, wahandisi walianza kuyakagua na kuyaimarisha majengo yaliyobaki yamesimama. Katikati ya mwaka huohuo ikatoka amri kutoka juu kwamba kazi ya kuimarisha isimamishwe, yafanyike marekebisho madogo tu na watu warudi. Nyufa zikazibwa, lipu ikapigwa, rangi ikapakwa. Nguzo iliyopasuka ndani haikuguswa. Watu walikabidhiwa funguo za majengo yaliyojeruhiwa huku yakionekana mazima, na kwa macho ya kawaida huwezi kujua. Hayohayo yakatikiswa tena 1986 na 1990.

Nitaendelea na mambo ya uchakavu na umiliki. Kwanza nipokee maswali.

#2

Mleta uzi shukrani, umetulia vizuri. Swali langu ni jepesi: kama yanajulikana kuwa yatawaangukia watu, kwa nini yasibomolewe yote yajengwe mapya? Uzuri wa jengo hauwezi kuzidi roho ya mtu.

#3 · Mleta uzi

Mkuu, hilo swali ni halali, wala silipuuzi. Roho ya mtu iko juu.

Lakini Bucharest imeshajaribu dawa ya kubomoa, tena kwa kiwango ambacho miji michache ya Ulaya iliwahi kukiona wakati wa amani. Ceaușescu alilitumia tetemeko la 1977 kama nafasi ya kuujenga upya mji kwa sura aliyoitaka. Miaka ya 1980 mtaa mzima wa Uranus ulifutwa, makanisa na monasteri vikabomolewa ili kupisha jumba ambalo leo ni Bunge na barabara inayoelekea kwake. Maelfu ya familia walihamishwa. Mhandisi mmoja, Eugeniu Iordăchescu, aliyanusuru makanisa kadhaa kwa njia ambayo mpaka leo nikiifikiria navutiwa: aliyakata chini kwenye msingi, akayafunga kwa fremu ya zege, akayaweka juu ya reli na kuyasogeza taratibu hadi mahali pengine. Kanisa la Mihai Vodă lilisogezwa hivyo mwaka 1985. Ukienda leo utalikuta limejificha nyuma ya maghorofa, lakini liko hai.

Na angalia kilichotokea kwa maghorofa ya hatari wakati huohuo. Yalibaki. Fedha, saruji, nondo na mafundi vilikwenda kwenye jumba jipya, huku Magheru ikiachwa na nyufa zake chini ya lipu. Kwa hiyo kubomoa kulifanyika pale ambapo mtawala alitaka kiwanja. Hatari ya wakazi wa Magheru haikuwa kipimo.

Kuna na hili la kawaida zaidi. Ukilibomoa jengo lenye flati sitini una kaya sitini za kuhamisha, kila moja na hati yake. Kama huwezi kuzipatia makazi ya muda ili uimarishe, utazipatia wapi makazi ya kudumu ili ubomoe?

#4

Mimi ni mhandisi wa miundo, niongezee nyama kidogo upande wa ufundi maana mleta uzi ameligusa kwa juu.

Majengo yale ya miaka ya 1930 yalipigiwa hesabu ya kubeba uzito wa kwenda chini tu. Nguvu ya kusukuma kwa ubavu haikuwemo kwenye hesabu, na Romania ilipata maelekezo yake ya kwanza ya ujenzi wa kustahimili matetemeko baada ya Carlton kuanguka. Nguzo zina nondo laini zisizo na mikunjo, na ringi zake, yaani vyuma vinavyozizunguka nondo hizo, ni nyembamba na zimeachana mno. Ringi ndiyo inayolishikilia zege lisimwagike pale nguzo inapokunjwa. Zikiwa chache, nguzo inapasuka na nondo zinapinda nje, mzigo wa juu unashuka wote kwa pamoja.

Lingine ni fremu za maduka chini. Mwenye duka anataka ukumbi wazi na vioo, kwa hiyo ghorofa ya chini haina kuta za kulikaza jengo wakati juu kuna kuta za vyumba kila mahali. Jengo likisukumwa, kupinda kote kunakusanyika pale chini. Ongeza nguzo zisizopangana, maana wasanifu walipenda ghorofa za juu zirudi nyuma, hivyo nguzo ya juu inaishia juu ya boriti badala ya kuendelea hadi ardhini. Kuna sehemu waliokuja baadaye walikata kuta au kuchonga nguzo ili wapanue duka.

Na usisahau, majengo haya yana historia ya vipigo. Tetemeko la 1940, mabomu ya 1944, halafu 1977, 1986, 1990. Mhandisi akifika leo hapimi jengo lililo kwenye mchoro, anapima lililochoka.

Kumbukumbu moja muhimu: mwaka 1977 kifaa kilichokuwa katika taasisi ya utafiti wa ujenzi mjini Bucharest kilinasa mtikisiko ule, na ndipo ikaonekana wazi kuwa ni wa polepole kuliko kanuni za wakati ule zilivyodhani. Yaani hata majengo yaliyofuata kanuni za miaka ya 1960, marefu yake yalikuwa yamepigiwa nguvu ndogo kuliko iliyokuja. Kanuni zikabadilishwa mwaka uliofuata.

Pale ninapotofautiana na mleta uzi ni kusema kibandiko kinaleta uchakavu. Onyo ni onyo. Usipoliweka, watu watanunua flati bila kujua. Tusiilaumu kipimajoto kwa homa.

#5 · Mleta uzi

Mhandisi, asante sana, maelezo ya ringi na nguzo zisizopangana yanapaswa kusomwa na kila anayepanga nyumba mji ule.

Kuhusu kibandiko sijasema kisingewekwa. Nasema tazama kilichofuata. Mwisho wa Oktoba 2015 kulitokea moto kwenye ukumbi wa muziki wa Colectiv mjini Bucharest, watu zaidi ya sitini wakafa, nchi ikashtuka, serikali ikaanguka. Katika mshtuko huo ikaanza kutumika sheria namba 282 ya mwaka 2015 iliyokataza shughuli za kukusanya watu ndani ya majengo ya daraja la kwanza. Kumbi za sinema, kumbi za maigizo, migahawa na maduka vikafungwa. Sinema ya Patria pale Magheru, iliyokuwa ya mji mzima, ikazima taa.

Kuzuia mamia ya watu wasikae chini ya dari la hatari ni sawa, na mimi ningefanya hivyo. Ila sheria ilifunga ghorofa ya chini na kuwaacha wanaolala juu yake. Mtu anayeingia kunywa kahawa kwa nusu saa alilindwa. Bibi anayelala palepale ghorofa ya saba kila usiku alibaki na kibandiko chake. Kodi ya maduka iliyokuwa inachangia kulipia paa na lifti ikakatika. Vioo vikabandikwa karatasi na matangazo, milango ikachafuliwa kwa maandishi, mabomba ya mvua yakaziba pasipo mtu wa kuyazibua. Jengo lililofungwa chini huchakaa upesi kuliko lililo wazi, kwa sababu hakuna anayepita asubuhi na kuona maji yanachuruzika ukutani.

Na maji ndiyo adui mkuu, hasa kwa zile nyumba za karne ya 19 ambazo hatujazigusa. Nyumba hizi ni za matofali ya kuchoma na udongo wa chokaa, sakafu zake zimebebwa na maboriti ya mbao yaliyoingizwa ukutani. Maji yakivuja kwenye kona ya paa yanaingia pale kwenye ncha ya boriti. Ncha inaoza. Kwa macho sakafu bado ipo, lakini haijaushika tena ukuta. Siku ardhi ikitikisika ukuta wa mbele, ambao sasa umesimama peke yake, unalala barabarani pamoja na mapambo yake yote. Bomba la kurekebishwa kwa siku moja linakuwa sababu ya ukuta kuanguka. Na wapo wamiliki wanaolijua hilo na kuliacha kusudi, kwa sababu nyumba imeorodheshwa kama urithi na haibomolewi kirahisi, ila ikijiangukia yenyewe kiwanja kinabaki safi. Huo mimi nauita uharibifu, hata kama hakuna aliyeshika nyundo.

#6

Mkuu, nimewahi kusikia serikali ya huko inalipia matengenezo halafu wakazi wenyewe wanakataa. Kama ni kweli basi tuwaache na uamuzi wao, watu wazima hao.

#7 · Mleta uzi

Ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito.

Kuanzia 1994 hadi 2022 kulikuwa na utaratibu wa serikali kutanguliza gharama za kuimarisha, mwenye flati akarejesha kwa awamu hadi miaka 25 bila riba, na wenye kipato cha chini wakipewa msamaha. Ukisoma kwenye karatasi unasema mtu gani atakataa? Ila miongo imepita na majengo yaliyokamilika ni machache mno ukilinganisha na orodha.

Jiweke nafasi ya mstaafu mwenye miaka 75 chini ya utaratibu huo. Unaambiwa uhame kwa muda usiojulikana, labda mwaka, labda mitatu. Unapelekwa wapi? Mji una nyumba chache za kuwahifadhi watu wakati wa ujenzi. Mkandarasi akiacha kazi katikati, na hilo limetokea, unabaki huna kwako huna kwa muda. Ukirudi flati ina nguzo nene zaidi na chumba kimepungua. Deni limeandikwa kwenye hati yako na watoto watalirithi. Wakati huohuo kila asubuhi jengo limesimama, na limesimama hivyo tangu 1977. Mzee huyu siwezi kumwita mpumbavu. Anapima hatari anazozijua dhidi ya ile asiyojua itafika lini.

Halafu umiliki wenyewe umevurugwa na historia. Mwaka 1950 serikali ya kikomunisti ilitaifisha nyumba kwa amri namba 92. Wamiliki wakafukuzwa au wakabanwa chumba kimoja, wapangaji wa serikali wakaingizwa. Baada ya mapinduzi ya 1989 ikaja sheria ya 1995 iliyowaruhusu wapangaji kununua walipokuwa wakiishi, kisha ya 2001 iliyowapa warithi wa wamiliki wa zamani haki ya kurudishiwa. Kwa hiyo jengo moja linaweza kuwa na mpangaji aliyenunua, mjukuu wa mwenye mali anayeishi nje ya nchi, manispaa yenye flati mbili, na kesi ambayo haijaisha. Wakati kesi inaendelea nani atapanda juu ya paa? Kila mtu anaogopa kuweka fedha kwenye mali ambayo kesho inaweza kuwa ya mwingine.

Nilikaa Bucharest nikisoma, na jengo nililopanga lilikuwa la namna hii. Kwenye ngazi kulikuwa na ufa wa mshazari uliozibwa, unaonekana kwa sababu lipu yake ilikuwa na rangi tofauti. Jirani alinieleza kuwa kwenye vikao vya jengo kila mtu anakubali kwamba hatari ipo. Ikifika hatua ya kusaini, wanakosekana watu wanne au watano, na wengine hawajulikani walipo. Flati za namna hiyo zinapoteza bei, benki hazitaki kuzichukua dhamana, hivyo zinaishia kupangishwa kwa bei nafuu kwa wanafunzi, kwa wageni wa siku chache, kwa asiye na uchaguzi. Hawa hawana kura kwenye kikao, na ndio wanaolala humo. Kwa hiyo, mkuu, ukisema tuwaache na uamuzi wao, wengi wa walio hatarini hawakuulizwa chochote.

#8

Nauliza kama kuna jengo la kale lililofanyiwa kazi vizuri pale. Maana tukisoma ubaya mtupu tunaona kama haiwezekani.

#9 · Mhandisi wa #4

Lipo. Jengo la Manispaa ya Bucharest, la mwanzoni mwa karne ya 20. Walilikata juu ya msingi na kuweka katikati vifaa vinavyolegeza mwendo, ili ardhi itikisike chini na jengo lijongee taratibu juu. Sura yake ya nje haikuguswa. Tao la Ushindi nalo lilifanyiwa hivyo.

Kwa maghorofa ya flati njia hiyo ni ghali na ngumu, hasa yale yaliyogusana na jirani, maana jengo linalojongea linahitaji nafasi pembeni. Huko kinachofanyika ni kuzivika nguzo zege jipya na ringi za karibu, kuongeza kuta za zege kutoka msingi hadi juu, au kuweka mikingamo ya chuma. Kwa nyumba za matofali unafunga sakafu na kuta kwa vyuma vya kupita, unaweka mshipi wa zege kule juu unaozunguka kuta zote, unaondoa au kukaza mapambo na mabomba ya moshi yanayoning'inia juu ya njia ya watu. Hii ya mwisho ni nafuu na haihitaji mtu kuhama.

Na kuhusu kibandiko namwelewa sasa mleta uzi. Bado nasema kiwepo. Ila kiwe na tarehe ya kuanza kazi chini yake.

#10

Mwisho kwangu: ndugu yangu anakwenda kuishi huko mwaka huu. Aangalie nini?

#11 · Mleta uzi

Aanze na orodha ya manispaa ya majengo yaliyokaguliwa, inapatikana wazi, atafute anwani kabla ya kulipa kodi. Kutokuwa na kibandiko kusimtulize: majengo mengi hayajawahi kukaguliwa kabisa, na jengo lisilokaguliwa halina daraja lolote. Aulize mwaka wa ujenzi. Jengo refu la kabla ya 1940 alikwepe. La baada ya 1977 ni afadhali, maana kanuni zilibadilika. Aangalie ghorofa ya chini kama ni vioo vitupu, na kama kuna duka lililovunja kuta. Apande ngazi polepole akitazama nyufa za mshazari karibu na milango.

Kwa kuwa Vrancea iko mbali, kuna sekunde 25 hadi 30 kati ya vifaa vya huko kuhisi tetemeko na mtikisiko mkali kufika mjini. Zinatosha kuzima gesi na kuingia chini ya meza imara. Hazitoshi kushuka kutoka ghorofa ya saba, na mwambie asijaribu: ngazi ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuvunjika, na mbele ya mlango ndipo matofali ya juu yanapoangukia.